Chenga za Alfajiri

Fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, ndiye aliyeliona kwanza. Nilikwenda anipime suti ya harusi ya mdogo wangu. Akapitisha futikamba mabegani mwangu, akaandika, akafuta, akapima tena. "Kaka, bega la kulia limelala," akasema. "Umebeba nini miaka yote hii?"

Nilikuwa nimebeba kamera. Begi langu lilikuwa na kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, lenzi mbili, flashi, chaja na betri za akiba. Siku moja nililiweka kwenye mizani ya muuza mchele likasoma kilo nne kasoro kidogo. Kwa miaka tisa nilipanda nalo daladala na bodaboda, nikavuka nalo kwa pantoni ya Pangani, nikalilalia kama mto kwenye nyumba za wageni za Korogwe na Lushoto. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za vijarida vya vyama: wakulima wa machungwa, wavuvi, wafanyakazi wa mkonge. Fundi akaongeza sponji upande wa kulia ili suti ikae sawa. Mimi nikarudi nyumbani nikiwaza, na kabla ya mwaka ule wa 2010 kwisha nilikuwa nimenunua kamera ndogo, iliyokwisha kutumika, kwa shilingi laki nne na nusu.

Kuiita ndogo tu hakutoshi. Miaka ile kamera ndogo zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile za rangi rangi, za kupigia picha sherehe, ambazo mtu anabonyeza tu na kamera inaamua yote. Halafu kulikuwa na zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoujua mwanga lakini wamechoka na mzigo. Canon walitoa PowerShot G1 mwaka 2000, Ricoh wakaleta GR Digital mwaka 2005, Panasonic wakaja na LX3 mwaka 2008. Kwa chombo kinachoenea kiganjani uliweza kupanga mwenyewe upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Uliweza pia kuhifadhi faili ghafi, lile ambalo kamera haijalipika, ukaja kulipika mwenyewe kwenye kompyuta. Yangu ilikuwa ya ukoo huo. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kasoro nitakazosimulia ni za ukoo mzima, na nyingine ni za mkono wangu.

Siku ya kwanza nilikaa nayo barazani mpaka magharibi. Gurudumu la ISO lilikuwa juu, upande wa kulia, la chuma chenye meno, na kila namba ilikaa mahali pake kwa mlio mdogo kama wa kufuli la kasha. Uliweza kulisoma kabla hata hujaiwasha kamera. Aliyewahi kuhangaika na menyu huku bibi harusi anashuka kwenye gari anaelewa thamani ya gurudumu lile. Nyuma kulikuwa na kioo kinachofunguka kama ukurasa wa kitabu. Ukikigeuza juu, unaishika kamera tumboni na kutazama chini, kama mtu anayesoma ujumbe wa simu. Kioo kile ndicho kilichokuja kuniponza.

Juu ya kioo palikuwa na dirisha la kutazamia, dogo kama punje ya mahindi, na dirisha lile lilidanganya. Lilionyesha robo tatu tu na ushei ya picha itakayotoka, na kwa kuwa lilikaa pembeni ya lenzi, kitu kilicho karibu kilihama kidogo. Hata hivyo nililitumia sana, kwa sababu ukizima kioo, betri ambayo ingekufa adhuhuri ilinifikisha jioni, na vijiji vingi nilivyokwenda vilikuwa havijapata umeme.

Sasa udhaifu wenyewe, maana ndio uliotawala mengine yote. Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna kihisi, kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu. Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha enzi za negativu, na fremu ya filamu yake ilikuwa milimita 36 kwa 24. Kihisi cha kamera yangu kilikuwa kama milimita 7.6 kwa 5.7, kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Ukipiga hesabu ya eneo, fremu ya mjomba inakizidi kihisi changu mara 20. Weka uani sinia la pilau na kikombe cha kahawa wakati wa manyunyu ya dakika moja, kisha tazama chombo kipi kimepata maji ya kunawa. Mchana, jua la Tanga likimwagika, kikombe nacho kinajaa na hakuna anayelalamika. Giza likiingia, kamera inalazimika kukikuza kile kidogo ilichokipata, na inapokikuza inakuza pamoja na taka zake. Hapo ndipo zinapotoka chenga, zile nukta nukta za rangi kama za televisheni isiyoshika mawimbi. Kwenye kamera yangu ISO 80 ilikuwa safi kama maji ya kisima. 400 ilivumilika. 800 niliitumia kwa dharura, na juu ya hapo sikupanda ila nimekosa njia.

Madukani hawakulisema hili. Walitaja megapikseli, kama muuza gari anayetaja idadi ya viti tu. Kampuni nazo zilikuwa zikipandisha namba kila mwaka, mpaka Canon G10 ya mwaka 2008 ikafika megapikseli 14.7 kwenye ukucha uleule. Mwaka uliofuata ikaja G11 yenye megapikseli 10. Walishuka kwa makusudi, ili gizani picha itulie. Niliposoma habari ile nilimpigia simu mjomba kumweleza, naye, mtu wa filamu ambaye hakuwahi kugusa kamera ya dijitali, aliielewa mara moja. Kwenye filamu pia, alisema, ukitaka ione gizani lazima ukubali punje kubwa.

Lakini haki itendeke. Mwaka huohuo wa 2008 Michael Reichmann, mpigapicha wa Canada aliyeandika sana kuhusu vifaa vya kazi hii, alipiga mandhari zilezile kwa G10 na kwa Hasselblad yenye mgongo wa dijitali wa megapikseli 39, mtambo wa bei ya gari. Akachapisha picha za inchi 13 kwa 19 akawapa watu wa fani wachague. Hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Nami nilifanya jaribio langu: picha mbili za bandari ya Tanga saa tatu asubuhi, moja kwa kamera kubwa na nyingine kwa ndogo, zikachapishwa ukubwa wa karatasi ya A4. Nilipozipeleka kwa mhariri wangu alichagua ile ya kamera ndogo, akasema ndiyo yenye uhai. Siku moja kabla, kwa kamera ileile, nilikuwa nimemletea picha za khitma iliyosomwa usiku chini ya taa moja, na zote alizikataa.

Kwa hiyo nikajifunza kuuliza saa kabla ya kuuliza mahali. Kazi ya mchana nilikwenda na ndogo. Kazi ya usiku, bega liliumia.

Hata mchana kulikuwa na mitego. Maulidi ya mtaani yalinifundisha. Wazee mia moja wamekaa mkekani na kanzu nyeupe, jua la saa kumi linawapiga ubavuni. Kipimamwanga cha kamera yoyote kimetengenezwa kudhani kwamba dunia yote, ukiichanganya, ni ya kijivu cha katikati. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na kanzu zinatoka kijivu safi huku nyuso za watu weusi zikizama kabisa. Picha zangu za mwaka wa kwanza nilimpelekea mzee mmoja wa Barabara ya Nane. Akaishika ile ya mstari wa mbele, akaisogeza dirishani, akaigeuza.

"Mimi niko wapi hapa, mjukuu wangu?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Palikuwa na kofia ya vito, palikuwa na kola ya kanzu, na katikati palikuwa na weusi mtupu wenye vinukta viwili vya mwanga wa macho. Mtu mzima, aliyekuja maulidini amejitia udi, nimemfuta.

Mwaka uliofuata nililiendea lile gurudumu la pili, la kuongeza na kupunguza mwanga, nikapandisha mpaka nyuso zilipofunguka. Kanzu zikaungua. Kihisi kidogo hakina nafasi ya kubeba weupe uliokolea na weusi uliokolea kwa pamoja, na kamera kubwa ingeokoa zaidi pale. Faili ghafi lilirudisha mikunjo michache ya kitambaa, basi. Nilimpelekea yule mzee picha mpya na sikusema neno kuhusu kanzu. Aliitazama muda mrefu, kisha akaanza kunitajia majina ya waliokaa kushoto kwake, mmoja mmoja, na watatu kati yao walikuwa wamekwisha kufariki.

Kuna mahali kamera ile ndogo iliipita kubwa waziwazi, na napasema kwa furaha kwa sababu wengi hawapajui. Wakulima wa machungwa wa Muheza wanavaa kofia pana, na chama kilipenda kuniita saa sita mchana, jua likiwa utosini. Chini ya kofia ni giza. Dawa yake ni kutia flashi kidogo ili uso utoke bila kuchoma anga. Kwenye kamera nyingi kubwa flashi na shata haviendi pamoja ukipita karibu 1/250 ya sekunde, kwa sababu shata yake ni mapazia mawili yanayofukuzana. Shata ya kamera ndogo imo ndani ya lenzi, inafumba na kufumbua kama jicho, kwa hiyo flashi inafanya kazi hata kwenye kasi kubwa zaidi. Nilipiga pale nyuso ambazo kwa begi langu zima la kilo nne nisingezipata bila kumleta msaidizi na mwavuli.

Na Amani, kule Usambara ya Mashariki, nilipiga kwenye ufa wa mwamba lile ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao miaka ya 1890, na ambalo Wajerumani hadi leo huliita Usambaraveilchen. Sasa liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, na nyumbani kwake ni kwetu. Kamera ndogo inakaribia kitu mpaka lenzi inakaribia kukigusa, na kwa sababu kihisi ni kidogo, vitu vya mbele na vya nyuma vinaonekana wazi pamoja. Ua, manyoya ya jani lake, ukungu wa mwamba, tone la maji, vyote vimo. Udogo uleule uliomzamisha mzee wangu wa maulidi ndio ulionipa ua lile zima.

Mapango ya Amboni nitayapita haraka. Niliiweka kamera juu ya jiwe, ISO 80, sekunde 15, nikaipigisha kwa saa yake ili mkono usiitikise, na chokaa ikatoka laini bila chenga hata moja. Jiwe halipumui. Kwa vitu visivyopumua, giza si tatizo.

Tatizo ni Deep Sea.

Soko la samaki la Deep Sea linaamka kabla ya jua. Vyombo vinaingia na giza, samaki wanamwagwa, mnada unapanda sauti, na pembeni, kwenye vibanda vya makuti, kina mama wamekwisha kuwasha moto wa kukaangia. Kwa kamera kubwa nilipata pale picha za namna moja. Nikiitoa begini, mnada unapunguza sauti, mwenye changu anamnyanyua juu, vijana wanajipanga, na lazima mzee mmoja aniulize, "Unatupiga picha, sisi tunapata nini?" Swali la haki, na sikuwa na jibu lake.

Kwa kamera ndogo hakuna aliyeuliza. Shata yake ililia kidogo kuliko njiti ya kiberiti inayovunjika. Ule mlio wa bandia ambao kamera hizi hujitilia ili zisikike, niliuzima kwenye menyu. Nikazima na taa ya machungwa inayowaka mbele ili kusaidia kulenga gizani. Nikafungua kioo, nikaishika kamera tumboni, nikatembea sokoni kama mtu anayetafuta bei ya ngisi. Nilikuwa nimesoma habari za Alex Majoli, mpigapicha wa shirika la Magnum, aliyefanya kazi Congo na Iraq mwaka 2003 kwa kamera ndogo za dijitali za Olympus na kazi yake ikaheshimiwa na wakubwa wa fani. Nikajihesabia ruhusa kutoka kwake. Yeye alikuwa vitani. Mimi nilikuwa dakika ishirini kutoka nyumbani kwangu, miongoni mwa watu ninaowajua kwa sura.

Nikampiga mama mmoja. Alikuwa ameinamia karai, moto unamulika uso kutoka chini, mkono wa kushoto umekinga macho dhidi ya moshi, khanga ya kichwani imeteleza nyuma mpaka mvi zinaonekana. ISO 800, 1/15 ya sekunde, nikabana pumzi. Chenga zilikuwepo, lakini ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga. Kijarida kikaiweka ukurasa wa mbele.

Miezi miwili baadaye nilirudi Deep Sea, nikasikia naitwa.

"Wewe kijana. Njoo hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyenipiga picha?"

Akatoa kijarida chini ya ndoo, kimekunjwa mara nne, kimelowa mafuta kwenye pembe. Nikasema ni mimi.

"Sasa mbona hukusema, mwanangu? Kichwa wazi namna hii. Wakwe zangu wameiona, kule Pangani." Hakupandisha sauti. Akageuza samaki karaini, akafuta mkono. "Ungesema, ningefunga kilemba."

Hakudai fedha, wala hakutaja haki zake. Kilemba tu. Nilisimama pale na ile kamera mkononi, na kila kitu nilichokuwa nikiisifia kwa wenzangu, ukimya wake, udogo wake, kioo chake cha kukunjua, kilikuwa kimegeuka ushahidi. Kamera kubwa ingemstua. Angeniona nikiinyanyua, angeinua mkono kuniambia ngoja, angejifunga khanga yake. Ile kelele iliyonichosha miaka tisa, kumbe, ilikuwa inapiga hodi kwa niaba yangu. Nilikuwa nimenunua chombo kinachoingia nyumbani kwa mtu bila hodi, nikakiita cha kisasa.

Sisemi kwamba picha ya kuibia haina mahali pake. Anayepiga askari akimpiga raia hana sababu ya kubisha hodi. Lakini mama anayekaanga samaki alfajiri hajafanya kosa la kuviziwa.

Aliniambia nirudi kesho yake saa nne. Nikamkuta amevaa doti mpya, kilemba kimefungwa imara, amesimama chini ya mwembe, mikono imeshuka ubavuni, hacheki. Alisimama kama watu walivyosimama kwenye studio ya mjomba, mbele ya lile pazia lililochorwa ngazi na maua. Nikapiga kwa ISO 80. Maandishi ya khanga yalisomeka herufi kwa herufi. Nikamchapishia kubwa, nikamtilia fremu.

Usiku ule niliingia kwenye menyu nikawasha mlio na nikawasha taa ya machungwa. Tangu hapo nikaanza kuuona udhaifu wa kamera ile kwa jicho jingine. Lenzi yake haikufika mbali, kwa hiyo ukitaka uso wa mtu lazima umfikie mwenye uso, na ukimfikia lazima umsalimie. Gizani ililenga polepole, taa inawaka, inasita, inawaka tena, na mtu ana nafasi ya kutosha ya kukataa. Wengi walikataa. Nilipoteza picha nyingi kwa njia hiyo na naweza bado kuzielezea baadhi yake. Lakini nilizopata nilizipata kwa wenyewe, na nilipokwenda kuzipeleka hakuna aliyeniuliza mbona sikusema.

Nilimwomba yule mama niwe nakaa bandani kwake alfajiri. Akanipa ndoo nikaipindua nikaikalia. Siku ya kwanza alijitazama kila niliponyanyua kamera. Siku ya pili alinituma mkaa. Siku ya tatu alikuwa amenizoea kama kiti, akainama, moshi ukampanda usoni, akakunja jicho moja, kilemba chake kimekaa sawasawa. Mlio ukalia. Hakugeuka. Chenga zilikuwa zilezile, ISO 800, na kila niliyemwonyesha alisema afadhali ile ya kwanza. Mimi naipenda hii.

Kamera ile ilikufa mwaka 2013 kwenye ufukwe wa Ushongo. Nilikuwa napiga watu wakivuta juya, upepo wa kusi umeamka. Lenzi ya kamera hizi hukaa ndani, na ukiiwasha inachomoza ngazi kwa ngazi kama darubini ya nahodha. Kati ya ngazi na ngazi kuna mwanya mwembamba, na mchanga wa pwani hauhitaji zaidi ya huo. Nikasikia mkwaruzo, lenzi ikasimama njiani, kioo kikaandika kuna hitilafu ya lenzi. Fundi aliyeifungua alinionyesha skrubu ndogo kama mbegu za ufuta zilizokwisha kula kutu ya chumvi. Gharama ya kuitengeneza ingenunua nyingine. Kama unaishi pwani na unafikiria kamera ya namna hii, mfuko wa plastiki na tabia ya kuizima kila upepo unapogeuka vina thamani kuliko megapikseli zote.

Sikununua nyingine ya ukoo ule. Mwaka 2012 Sony walikuwa wametoa RX100 yenye kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, zaidi ya mara mbili ya changu kwa eneo, na mwaka 2013 Ricoh wakatia kihisi kikubwa zaidi ndani ya GR mpya inayoingia mfukoni. Kuhusu chenga, zilijibu karibu kila lawama yangu. Lakini simu zilikuwa zimekwisha kufika. Mwaka 2010, nilipokuwa barazani nikizungusha magurudumu, kampuni za kamera zilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Zilizopungua zaidi ni hizi ndogo.

Mpwa wangu anapiga picha kwa simu, na anapiga vizuri. Simu yake inachukua picha kadhaa kwa pamoja gizani, inazipanga moja juu ya nyingine, inachuja. Mwaka jana alikwenda nami Deep Sea, akamsalimia mama, akaomba, akaruhusiwa. Picha ikatoka safi pale pale, haina chenga. Nilipoisogeza karibu niliona kwamba ule moshi umelainishwa pamoja na chenga, umekuwa kitu kama sufi, na mikunjo ya shavu la mama imepungua. Mpwa hakuona tatizo, wala mama mwenyewe.

Banda lake sasa ni la mabati. Ukutani, juu ya kabati la vyombo, ziko picha mbili. Kubwa ni ile ya chini ya mwembe, rangi imeanza kufifia. Pembeni yake, bila fremu, imebandikwa kwa misumari minne, ni ile ya alfajiri, yenye kilemba. Karatasi imekuwa ya kahawia kwa miaka ya mafuta. Mama akanifuata, akaweka kidole kwenye sehemu ya giza nyuma ya kichwa chake, pale chenga zilipojaa.

"Siku zote nataka kukuuliza," akasema. "Hizi nukta, ni moshi?"

Nikamwambia ni kamera, haikuona vizuri gizani.

Akasogea, akaikagua tena. "Hapana, baba. Ni moshi. Siku ile kuni zilikuwa mbichi."